Bonsai ya mti wa chungu

Bonsai ya mti wa chungu ni mti uliokaa miaka mingi kwenye chungu cha kawaida, kisha ukapunguzwa na kuundwa upya kwa sanaa ya Kijapani ya bonsai, iliyotokana na penjing ya China. Unaofaa sana ni *Ficus microcarpa*, jamaa ya mkuyu, wenye asili ya Asia na Australia. Shina la mti wa chungu huwa limekwisha kunenepa, jambo ambalo mche huchukua miaka kulifikia. Tatizo kubwa ni mizizi: huzunguka ukuta wa chungu na kujisokota hadi maji hayapenyi vizuri. Ile minene hukatwa, myembamba inayofyonza maji huachwa, na udongo mzito hubadilishwa kwa mchanganyiko wa chembe kubwa usiotuamisha maji. Shina la *Ficus* likifupishwa hutoa utomvu mweupe, na baadaye machipukizi huota hata penye gome tupu. Msonobari kwa kawaida hauwezi hivyo, na tawi lake lisilobakizwa majani hufa. Mti dhaifu haukatwi mizizi na shina kwa mkupuo mmoja. Matawi mapya hupindwa kwa waya wa alumini au shaba, unaoondolewa kabla haujazama kwenye gome.