Kijiwe cha maveterani, New York 1970

Wadau, leo naomba tuziache kidogo siasa za nyumbani. Nataka kuwasimulia habari ya kijiwe. Si kile cha kahawa na kashata. Hiki kilianza New York, Desemba 1970, kwenye ofisi ya Vietnam Veterans Against the War, chama cha askari waliotoka Vietnam wakarudi kuipinga vita ile ile waliyoipigana.

Kwa nini kilizaliwa? Mimi naanzia kwenye usafiri. Askari wengi wa Kimarekani wa Vita Kuu ya Pili walirudi kwa meli, siku nyingi baharini, wamebanana na wenzao. Walicheza karata, waligombana, walisimuliana yaliyowapata. Vietnam haikuwa hivyo. Kila askari alikuwa na tarehe yake: kwa kawaida akitimiza miezi 12 anaondoka, na anaondoka peke yake, kwa ndege. Leo yuko porini, keshokutwa yuko sebuleni kwa mama yake. Wenzake kawaacha vitani, na mtaani vita yenyewe imeshachukiwa. Huyo ataongea na nani?

Na daktari? Mwaka 1952 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ulikuwa na jina la mshtuko unaompata mtu wa kawaida akipitia mambo mazito kama vita. Toleo la pili likatoka 1968, vita imepamba moto, na jina lile halimo! Kwa hiyo askari aliyekuwa haleti usingizi na anaruka akisikia mlango umegongwa alipewa ugonjwa mwingine wowote uliokuwa kwenye orodha.

Mwaka 1969 ofisa ustawi wa jamii aitwaye Sarah Haley alianza kazi katika hospitali ya maveterani Boston. Siku ya kwanza tu akakutana na askari aliyemweleza kwamba kikosi chake kiliua wanawake na watoto katika kijiji cha My Lai, na kwamba anaogopa wenzake watamuua asije akasema. Kwenye kikao wataalamu wakaamua kuwa mgonjwa huyu ana wazimu na anaona vitu visivyokuwepo. Haley akakataa. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, aliwahi kumsimulia mambo ya aina hiyo, hivyo alijua yanatokea. Novemba mwaka huo magazeti yakafichua mauaji ya My Lai, yaliyofanyika Machi 1968.

Kwa hiyo vijana wakaamua kukaa wenyewe. Walikiita "rap group". (Enzi hizo rap ilikuwa kupiga soga, muziki ulikuja baadaye.) Wakawaalika madaktari wawili wa akili, Chaim Shatan na Robert Jay Lifton. Lifton alikuwa ameshawahi kufanya utafiti kwa manusura wa bomu la Hiroshima. Lakini masharti yalikuwa ya askari: tunakutana kwenu hapana, tunakutana kwetu, daktari hakai mbele, anakaa kwenye duara kama sisi, na akiulizwa naye ajieleze. Walizungumzia waliowaua, rafiki waliowaacha, aibu, hasira, na ile hali ya kushindwa kumkumbatia mchumba. Aliyekuwa anadhani amerukwa na akili peke yake aligundua kuwa jirani yake naye halali. Kwangu mimi hapo ndipo penye dawa.

Wale waliokosa duara la namna hiyo walikuwaje? Chukua Dwight Johnson, kijana mweusi wa Detroit. Januari 1968 kifaru cha wenzake wa siku zote kililipuliwa karibu na Dak To, yeye akiwa amehamishiwa kifaru kingine muda mfupi kabla. Alivyopigana siku hiyo kulimpatia nishani kubwa kuliko zote Marekani, akavishwa Ikulu na Rais Lyndon Johnson. Jeshi likamtumia kuwavutia vijana wajiunge. Ndani alikuwa anaungua, akafikia kulazwa hospitali ya jeshi. Aprili 30, 1971 aliingia kwenye duka moja Detroit akiwa na bastola, na mwenye duka akampiga risasi akafa. Alikuwa na miaka 23. Mama yake alimwambia mwandishi wa New York Times kwamba wakati mwingine anajiuliza kama mwanawe alichoka na maisha, akahitaji mtu mwingine wa kuyamaliza.

Vijiwe vikasambaa kwenye miji mingine. Shatan akaandika gazetini Mei 1972. Seneta Alan Cranston alisukuma mswada miaka na miaka. Mwaka 1979, idara ya maveterani ikiongozwa na Max Cleland, aliyepoteza miguu yote na mkono mmoja Vietnam, sheria ikapita ya kuanzisha Vet Centers: vyumba vya kawaida mitaani, mbali na hospitali, na wengi wa wapokeaji ni maveterani wenyewe. Leo viko takriban 300. Mwaka 1980 ugonjwa nao ukaingia kwenye mwongozo kwa jina la PTSD.

Tusidanganyane, tatizo halikuisha. Maveterani zaidi ya 6,000 hujiua Marekani kila mwaka. Ila kuna takwimu moja ya serikali yao, ya 1987, siwezi kuisahau: waliotoka Vietnam walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, kwa ajali, kujiua na kuuawa, katika miaka 5 ya mwanzo baada ya kuvua magwanda. Ndiyo miaka ile ile ya kurudi peke yako.

Mwaka huo wa 1979 na sisi tulikuwa na vita yetu. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda Aprili 11. Pamoja na jeshi walikwenda mgambo kwa maelfu, na ilipokwisha wakarudi vijijini kulima. Babu yangu wa Muleba ni mmoja wao. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anawasha redio, hasemi kitu.

Nilipokuwa naandika haya nikampigia. "Shikamoo babu, wewe yale ya Uganda ulikuwa unamwambia nani?" Akanyamaza kidogo. Akanitajia mzee mmoja jirani, waliokuwa kombania moja. Jioni walikuwa wanakaa chini ya mwembe wakitafuna kahawa. "Wengine wangenielewa nini, mjukuu wangu?"

Mzee yule tulimzika mwaka juzi. Nimeshakata tiketi ya basi, naondoka Ijumaa.