Ugeuzaji wa Jeni na Historia ya Fikra kuhusu Mageuko ya Viumbe
Kwa kanuni ya Mendel, mzazi mwenye aina mbili za jeni huzirithisha kwa uwiano sawa. Mwaka 1955, Mary Mitchell alionesha kuwa katika kuvu wa Neurospora uwiano huo huvunjika wakati mwingine: aina moja huigeuza nyingine ifanane nayo. Mwaka 1964, Robin Holliday alipendekeza maelezo: nyuzi za DNA zinapobadilishana, besi zisizolingana hukutana, kisha hurekebishwa. Baadaye ilibainika kuwa kwa mamalia urekebishaji huo hupendelea besi za G na C. Hivyo, aina ya jeni huweza kuenea katika kundi la viumbe bila manufaa, hata ikiwa na madhara. Ndiyo maana, mwaka 2007, Nicolas Galtier na Laurent Duret walitahadharisha kwamba mabadiliko ya kasi ya DNA pekee hayathibitishi uteuzi asilia. Sharti ugeuzaji wa jeni uchunguzwe kwanza.