Mgombea Aliyejitungia Mtego

Joseph Haule, yaani Professor Jay, hakuwa wa kwanza kurap kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alikwishatia maneno ya Kiswahili kwenye mdundo wa Vanilla Ice, Kwanza Unit wakafuata, na Mr. II, ndiye Sugu, alikwishaimba ugumu wa maisha katika "Hali Halisi". Lakini aliyewafanya wazazi waliouita muziki huu uhuni wakae wausikilize ni Haule, na nadhani siri haikuwa ukali wa maneno bali umbo.

"Ndio Mzee", wimbo wa albamu yake ya mwaka 2001, Machozi Jasho na Damu, ni mkutano wa kampeni. Mgombea yuko jukwaani anaahidi, umati unaitikia kwa maneno hayohayo ya jina la wimbo. Ahadi zinavimba hadi wanafunzi wanapelekwa mwezini kwa masomo ya vitendo. Jibu ni lilelile. Rapa hamtukani mtu, anaivaa tu sauti ya mheshimiwa na kumwacha ajiumbue. Waliosoma shule za Tanzania walilijua umbo hilo: ni ngonjera, mashairi ya majibizano aliyoyaeneza Mathias Mnyampala enzi za Ujamaa. Ila katika ngonjera za siasa asiyejua huelimishwa mpaka akakubali. Hapa mwenye kujua ndiye mwongo, na wanaokubali ndio wanaoliwa. Tena uchaguzi mkuu wa mwaka 2000 ulikuwa umepita juzijuzi, hotuba bado zi masikioni.

Wapo wanaosema sifa ni ya redio binafsi na ya studio ya P-Funk Majani. Zilisaidia, sikatai. Lakini redio huufikisha wimbo sebuleni tu. Haimzuii baba mwenye nyumba kuuzima.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mwaka 2015 Haule mwenyewe aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Je, hakugeuka mzee yuleyule aliyemcheka? Mimi naona kinyume chake. Hadi alipokipoteza kiti mwaka 2020, hakuwa na nafuu waliyokuwa nayo wagombea wengine: wao wakiahidi makubwa, ni ahadi tu, yeye akiahidi makubwa, ni ubeti ambao wasikilizaji wanaujua tangu zamani, pamoja na kiitikio chake.