Rovu la Idjwi: kisiwa kilichopeleka madaktari ndani ya seli

Miaka ya 1960, watafiti wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 na kuweka makao yake Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, walivuka Ziwa Kivu hadi Idjwi na kukuta jambo la kutatanisha. Upande wa kaskazini wa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi wenye rovu walikuwa wachache sana. Hata hivyo, wote walikuwa na upungufu wa madini joto.

Basi upungufu peke yake haukutosha. Watafiti François Delange na André Ermans walitazama sahani: kaskazini watu walikula mihogo zaidi. Mwaka 1971 waliandika kwamba humo ndimo chanzo cha pili kilimojificha.

Muhogo mbichi una linamarini, ambayo hutoa sianidi. Sumu hiyo hushambulia mitokondria, oganeli zinazotumia oksijeni kuipa seli nishati. Lakini mitokondria hazikai tu zikisubiri kufa. Ndani yake kuna kimeng'enya, rodanesi, kinachoigeuza sianidi kuwa thiosayaneti, isiyo kali kama ile ya kwanza. Mtu anapona; tezi ya shingo ndiyo inayolipa, kwa sababu thiosayaneti hugombania na madini joto mlango wa kuingilia kwenye seli za tezi. Madini joto yakiwa mengi, ugomvi huo haudhuru sana. Idjwi yalikuwa machache tangu mwanzo.

Na seli hizo zina kazi ndefu ya kutengeneza homoni. Ribosomu zilizobandikwa kwenye retikulamu endoplazima huunda protini kubwa, thairoglobulini. Golgi huikamilisha na kuifungasha, kisha hutolewa hadi kwenye uwazi ulio katikati ya duara la seli, na huko ndiko madini joto hushikizwa. Mwili ukihitaji homoni, seli huimeza tena protini yake, na lisosomu huimeng'enya mpaka homoni iachiliwe kwenye damu.

Lisosomu zenyewe zilikuwa habari mpya wakati huo. Christian de Duve, Mbelgiji wa Chuo Kikuu cha Louvain, alizipa jina mwaka 1955. Mwaka 1974 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade.

Madini joto yakikosekana, homoni hupungua, na ubongo hupitia tezi ya pituitari kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Seli zake hukua na kuongezeka. Shingo huvimba.

Mwaka 1980 Ermans, Delange na wenzao, akiwemo Mbulamoko wa Kongo (Zaire ya wakati huo), walitoa kitabu kizima kuhusu muhogo na rovu. Dawa za rovu hazikuhitaji maabara: chumvi yenye madini joto, na muhogo kulowekwa siku kadhaa, kukaushwa vizuri, ndipo usagwe unga wa ugali.