Watoro wa Dismal: Maji na Historia ya Kinamasi Kimoja cha Kusini mwa Marekani

Mpakani mwa majimbo ya Virginia na North Carolina, nchini Marekani, kuna kinamasi kiitwacho Great Dismal. Neno "dismal", lenye maana ya giza na huzuni, lilitumika zamani katika eneo hilo kama nomino ya kawaida ya kinamasi chochote. Ni jina la waliokitazama kwa nje, akiwemo William Byrd, aliyepima mpaka huo mwaka 1728 na kukisimanga vikali. Walioishi ndani yake ni nadra kusikika katika maandishi.

Hao walikuwa watumwa waliotoroka, tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865. Kiingereza huwaita "maroons", neno lenye asili ya Kihispania ambalo huko Karibi lilitajia pia mifugo iliyorudi porini. Kiswahili kina istilahi yenye staha zaidi: mtoro. Kitenzi toroka humtaja mtu kwa tendo lake, wala hakimlinganishi na ng'ombe. Watoro wa Fuladoyo na Witu, nyuma ya pwani ya Kenya katika karne ya 19, walielewa vyema thamani ya mahali pasipofikika. (Inasikitisha kwamba leo neno hilo limebaki aghalabu kwa mwanafunzi akwepaye shule.)

Kilichowalinda wa Dismal ni maji. Katikati ya kinamasi limo Ziwa Drummond, lenye kina cha takriban mita mbili tu, ambalo maji yake ni ya rangi ya chai kwa sababu ya magome na mboji. Mabaharia waliyapakia kwenye mapipa kwa kuwa hayakuharibika upesi. Pembezoni ni dubu weusi, fisi maji na nyoka wenye sumu. Hapa na pale huinuka visiwa vya ardhi kavu. Humo ndimo wanaakiolojia, wakiongozwa na Daniel Sayers tangu miaka ya 2000, walimokuta alama za nguzo za nyumba na zana za mawe za Wenyeji wa kale zilizochongwa upya.

Maji hayohayo yalitamaniwa na wafanyabiashara. Kampuni aliyoshiriki George Washington iliundwa mwaka 1763 ili kukausha kinamasi na kuvuna mbao. Mfereji wa kilomita 35 hivi ulifunguliwa mwaka 1805, baada ya kuchimbwa kwa mikono ya watumwa. Moses Grandy, aliyeendesha mashua humo akiwa mtumwa, alieleza katika kitabu chake cha 1843 jinsi wachimbaji walivyozama topeni hadi kiunoni. Yeye mwenyewe alilipia uhuru wake mara tatu, kwani mara mbili za kwanza alidhulumiwa. Hata hivyo mpaka kati ya mtumwa na mtoro haukuwa ukuta: wakata vigae vya mierezi waliwapa watoro chakula, nao watoro wakawakatia vigae kwa siri.

Mwaka 1974 sehemu kubwa ya kinamasi ilifanywa hifadhi ya wanyama. Lakini mifereji ilikuwa imekwisha kuinyonya mboji, na mboji ikikauka huwaka. Moto wa 2008 na wa 2011 uliunguza ardhi yenyewe, kila mmoja kwa zaidi ya miezi mitatu. Tangu hapo wahifadhi wamejenga milango ya kuzuia maji mifereji, ili kinamasi kilowe tena.