Tatizo la magimba matatu

Tatizo la magimba matatu ni swali la msingi katika elimu ya mwendo wa vitu vya angani: magimba matatu yanayovutana yakijulikana yalipo sasa na yanavyokwenda, yatakuwa wapi baada ya muda fulani? Swali hilohilo huulizwa kwa magimba manne, kumi au zaidi. Kwa magimba mawili jibu limejulikana tangu karne ya 17. Kuanzia matatu, mwendo mara nyingi huwa wa kikaosi, yaani tofauti ndogo mno mwanzoni hukua hadi ubashiri wa muda mrefu ukose maana. Kaosi hiyo haitokani na bahati nasibu. Sheria ni ileile na hufuatwa bila kukosea. Kinachopotea ni uwezo wa kutabiri matokeo yake.

Magimba mawili

Katika kitabu chake Principia (1687), Isaac Newton alionyesha kuwa kani ya mvutano hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukizidi mara mbili, kani hubaki robo. Sayari iliyo peke yake na Jua ingefuata duaradufu ileile daima.

Hesabu yake hukamilika kwa sababu ya vitu visivyobadilika. Kila gimba huelezwa kwa namba sita, tatu za mahali na tatu za mwendo, hivyo magimba mawili yana namba 12. Sheria za hifadhi ya nishati, ya kiasi cha mwendo, ya kitovu cha tungamo na ya mwendo wa kuzunguka hutoa viwango 10 vya kudumu. Ukiongeza mwelekeo wa duaradufu, ambao nao haugeuki, njia yote imekwisha kuchorwa.

Gimba la tatu

Likiingia gimba la tatu, namba hufika 18, lakini viwango vya kudumu vya jumla hubaki vilevile 10. Duaradufu nayo huacha kuwa thabiti. Mwaka 1887 Heinrich Bruns alithibitisha kuwa hakuna viwango vingine vya kialjebra vinavyoweza kuziba pengo hilo. Kila gimba hupotosha njia za wenzake, nao kwa mahali papya walipo hupotosha njia yake.

Hata hivyo, kukosa fomyula peke yake si kaosi. Kaosi huletwa hasa na mambo mawili.

La kwanza ni kupishana kwa karibu. Umbali ukiwa mdogo, kani hupanda kwa kasi, na tofauti kidogo katika umbali huo hugeuza sana mwelekeo wa gimba. Mwelekeo huo ndio huamua magimba yatapishana vipi safari ijayo, kwa hiyo kosa halijumlishwi bali huzidishwa kila mara. Nyota tatu zilizo karibu karibu kwa kawaida huishia moja, aghalabu nyepesi kuliko zote, kutupwa mbali, na mbili kubaki zikizungukana.

La pili ni resonansi. Muda wa mizunguko ya magimba mawili ukiwa katika uwiano rahisi, kama 3 kwa 1 au 3 kwa 2, mvuto huja kila mara katika sehemu ileile ya njia, na misukumo midogo hulimbikizana kama ya mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Resonansi moja yaweza hata kuwa kinga: Pluto hukata njia ya Neptuni bila kugongana nayo, kwa kuwa huzunguka Jua mara mbili kila Neptuni inapozunguka mara tatu. Hatari huanza pale maeneo ya resonansi mbili yanapoingiliana. Gimba lililo hapo halitulii katika mdundo wowote, na chembe ya tofauti huamua litaangukia upande gani.

Historia ya utafiti

Newton mwenyewe alitaabishwa na Mwezi, unaovutwa na Dunia na Jua kwa pamoja. Leonhard Euler (1767) alipata njia maalumu ambazo magimba matatu hukaa daima katika mstari mmoja, na Joseph-Louis Lagrange (1772) akaongeza zile za pembetatu yenye pande sawa. Mwaka 1906 Max Wolf aligundua asteroidi Achilles, ambayo pamoja na Jua na Mshtarii hufanya pembetatu ya aina hiyo.

Mwaka 1889 Mfaransa Henri Poincaré alishinda tuzo ya mfalme Oscar II wa Sweden kwa kazi yake kuhusu tatizo hili. Wakati wa kuandaa chapa, kosa kubwa lilibainika katika hoja yake. Nakala zilikusanywa, naye akalipia uchapaji mpya zaidi ya krona 3,500, ilhali tuzo ilikuwa krona 2,500. Katika kulisahihisha kosa hilo alikuta njia zinazosokotana kwa namna isiyochorika: kaosi ilikuwa imeonekana kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1912 Karl Sundman wa Finland alitoa suluhisho la magimba matatu kwa mfululizo usio na mwisho. Ni sahihi, lakini hukaribia jibu polepole kiasi cha kutofaa kwa hesabu. Baadaye Andrey Kolmogorov (1954), Jürgen Moser (1962) na Vladimir Arnold (1963) walithibitisha kuwa usumbufu ukiwa mdogo na resonansi zikiwa mbali, njia nyingi hubaki za utaratibu. Ndiyo maana utulivu na kaosi hukaa bega kwa bega.

Kaosi katika Mfumo wa Jua

Mnamo karne ya 19 Daniel Kirkwood aliona mapengo katika ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii. Pengo moja lipo mahali ambapo asteroidi ingezunguka Jua mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa Mshtarii. Mwaka 1982 Jack Wisdom alionyesha kuwa njia za hapo ni za kikaosi: baada ya muda mrefu wa utulivu, duaradufu hurefuka ghafla hadi kuikata njia ya Mirihi.

Sayari nazo hazikusalimika. Mwaka 1989 Jacques Laskar alikokotoa kuwa katika sayari za ndani kosa huongezeka takriban mara kumi kila miaka milioni 10. Kosa la mita 15 katika mahali ilipo Dunia leo hufika kilomita milioni 150 baada ya miaka milioni 100, sawa na umbali wa Dunia hadi Jua. Mwaka 2009 yeye na Mickaël Gastineau waliendesha kwenye kompyuta mifano 2,501 ya miaka bilioni 5 ijayo, iliyotofautiana mwanzoni kwa umbali usiofika mita moja. Katika takriban asilimia 1 ya mifano hiyo, njia ya Utaridi ilirefuka kiasi cha kuiweka katika hatari ya kugonga Zuhura au Jua.

Matumizi

Kwa muda mfupi, kompyuta hukokotoa mwendo hatua kwa hatua kwa usahihi mkubwa, na kupatwa kwa Jua hutabiriwa karne kadhaa kabla. Kwa mamilioni ya miaka, wanaastronomia huendesha mifano mingi inayokaribiana na kutaja uwezekano badala ya tukio moja. Wahandisi nao huitumia kaosi kwa faida: mahali ambapo mvuto wa Dunia, Mwezi na Jua unakaribia kulingana, msukumo mdogo hubadili safari nzima. Kwa njia hiyo chombo cha Japani, Hiten, kilifika kwenye Mwezi mwaka 1991 kikiwa na mafuta yasiyotosha kwa njia ya kawaida.