Kukiuka Mpaka: Raskolnikov, Tumaini na Njia ya Kurudi, Usomaji kutoka Mbulumbulu

Neno ambalo Fyodor Dostoevsky aliliweka mwanzoni mwa jina la riwaya yake ya 1866, prestuplenie, linabeba asili yake waziwazi: ni kupiga hatua juu ya kitu, kuvuka mstari. Kiswahili kinaweza kulifasiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni uhalifu au jinai, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo leo yananukia mahakama na kituo cha polisi. Ya pili ni kukiuka, kitenzi ambacho bado kinatuonyesha mguu ukiinuliwa kupita juu ya kilicholala njiani. Tofauti hii haiishii katika kamusi. Anayekisoma kisa cha Raskolnikov kwa neno uhalifu hutafuta hakimu. Anayekisoma kwa neno kukiuka huuliza mpaka ulikuwa wapi, uliwekwa na nani, na kama aliyeuvuka ana njia ya kurudi.

Swali la njia ya kurudi ndilo linalotushughulisha hapa, na tunaliuliza tukiwa Mbulumbulu kwa sababu maalumu. Mbulumbulu ni uwanda wa juu ulioko kaskazini-mashariki ya mji wa Karatu, kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na msitu wa nyanda za Ngorongoro. Wairaqw waliuingia wakitokea Irqwar Da'aw, kiini cha nchi yao katika milima ya Mbulu, na sehemu kubwa ya makazi hayo ni ya karne ya 20. Kabla ya wao kuenea huko, malisho mengi ya eneo hilo yalikuwa ya Wamaasai. Hapa, basi, kuhama na kuweka mpaka mpya ni historia ambayo babu wa leo aliishiriki mwenyewe.

Robert Thornton, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu nafasi na wakati miongoni mwa Wairaqw, alieleza kwamba nchi mpya haikuwa nchi ya kuishi mpaka ifanywe kuwa aya, yaani eneo lenye mipaka iliyotambuliwa na kutakaswa kwa ibada. Katherine Snyder, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2005, alieleza kwa kirefu hali ya metimani: karantini ya kiibada inayowekwa juu ya mtu au kaya iliyopatwa na unajisi. Aliye katika metimani hujitenga na majirani, hashiriki nao mambo ya kawaida ya maisha, asije akawaambukiza wengine na kuwaudhi netlaang, pepo wakaao katika maji na ardhi. Jambo la msingi ni kwamba hali hiyo ina muda. Huanza, hukaa, huisha.

Inafaa tusite hapa, kwani wapo watakaofurahia haraka mno kwamba Waafrika nao walikuwa na Adhabu yao kabla ya Dostoevsky. Metimani si hatia. Mama aliyefiwa na mtoto huingia humo bila kutuhumiwa kosa lolote. Tena desturi hiyohiyo ilikuwa na uso mkali: msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alifukuzwa nje ya mpaka wa eneo. Tukimchukua Sonya Marmeladov, binti anayeuza mwili wake ili wadogo zake wa kambo wale, na kumweka katika Irqwar Da'aw ya zamani, hatuna hakika kwamba angeachwa abaki ndani ya mpaka.

Hata hivyo, Sonya mwenyewe anafikiri kwa namna ambayo mzee wa aya angeielewa upesi kuliko wakili wa Petersburg. Raskolnikov anapomkiri kwamba amemuua Alyona Ivanovna, mkopeshaji wa rehani, na Lizaveta, mdogo wake mkopeshaji huyo, Sonya hamtaji kwanza hakimu. Anamwambia aende njia panda, apige magoti, aibusu ardhi aliyoinajisi, kisha awatangazie watu wote. Ardhi imekosewa, na ardhi ndiyo inayoanza kuombwa. Porfiry, mpelelezi, ana werevu wote wa sheria mpya za Urusi zilizofuata mageuzi ya mahakama ya 1864, na anamjua muuaji kabla ya kupata ushahidi wa kumfunga. Lakini hana cha kumpa zaidi ya ushauri wa kujisalimisha ili apunguziwe adhabu. Svidrigailov, asiye na ardhi ya kubusu wala mtu wa kumtangazia, anajipiga risasi. Raskolnikov anapata kifungo cha kazi ngumu cha miaka 8 huko Siberia, nchi ambayo Dostoevsky aliijua kwa mwili wake, maana alitumikia miaka minne katika gereza la Omsk, tangu 1850 hadi 1854. Huko gerezani, akiwa mgonjwa, Raskolnikov anaota dunia iliyoshikwa na tauni ambamo kila aliyeambukizwa anajiona kuwa peke yake ndiye mwenye ukweli. Kwa maneno mengine, kosa lake limegeuka kuwa unajisi unaosambaa.

Tukitoka katika riwaya hiyo na kuingia katika riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970, tunakuta Raskolnikov wengi lakini Siberia hakuna. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika riwaya tatu kwa mfululizo ambazo zinahusu watu waliovuka mstari. Rosa, katika Rosa Mistika ya 1971, anajiua, na kesi yake inasikilizwa mbele ya Mungu baada ya kifo. Kazimoto, katika Kichwamaji ya 1974, msomi mwenye nadharia kichwani kama mwenzake wa Petersburg, anakusudia kulipiza kisasi, na mwishowe naye anajiua. Tumaini, katika Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975, anamuua Mkuu wa Wilaya baada ya siasa ya Ujamaa kuifikia mali yake, na anaishia kitanzini. Hakuna hata mmoja anayeletewa sura ya mwisho ya kurudi.

Wahakiki wamezoea kuupa mwisho huu jina la udhanaishi na kuishia hapo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaharakisha. Msomaji wa 1975 alikuwa na kisa kingine akilini. Siku ya Krismasi ya 1971, huko Isimani, Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa amefika shambani kwake katika kampeni ya Ujamaa. Mwamwindi aliipakia maiti katika gari, akaliendesha mwenyewe hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Alihukumiwa kifo. Kitendo cha kuendesha gari lile ni njia panda yake, alijitangaza. Lakini upande wa pili wa kutangaza kulikuwa na taasisi moja tu ya kumpokea, nayo ilikuwa na jibu moja.

Hili ndilo dai la makala haya: Kezilahabi hakukosa imani katika toba kwa sababu tu ya kusoma falsafa ya Ulaya. Alikuwa akiandika juu ya nchi ambamo vyombo viwili vilivyobaki na mamlaka juu ya mkosaji, serikali na kanisa, vilikuwa na adhabu na maungamo, lakini havikuwa na muda unaokwisha machoni pa majirani. Kaburi au mbingu vilikuwa ndiyo miisho pekee inayoaminika katika riwaya. Mbulumbulu yenyewe inashuhudia mabadiliko hayo. Ngano na trekta viliigeuza kuwa nchi ya wakulima wakubwa na wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianzisha Upper Kitete, mojawapo ya makazi ya mfano ya taifa jipya. Kisha likaja agizo la kuishi vijijini. Mpaka wa kijiji ulichorwa na ofisi. Mpaka wa namna hiyo hupimwa na kusajiliwa, lakini hakuna ibada ya kumpitisha mtu arudi ndani yake.

Dostoevsky naye hakuipata njia hiyo kwa urahisi. Wapo wanaouona mwisho wake kuwa umebandikwa, nami siwalaumu. Lizaveta, aliyeuawa kwa sababu tu aliingia mlangoni, haombwi radhi na mtu yeyote katika kurasa hizo. Lakini mahali alipouweka mwisho huo pana maana. Raskolnikov ameketi kando ya mto, anatazama nyika ya ng'ambo, na kwa mbali anaona mahema ya wafugaji wahamaji, meusi, madogo kama nukta. Anaona kana kwamba huko wakati umesimama, kana kwamba enzi za Ibrahimu na mifugo yake hazijapita. Sonya anatokea kando yake, anaketi kimya, bado akiwa dhaifu baada ya ugonjwa. Zimebaki mvua saba.